Ssese na mtoto mwenye plasta mguuni: kivuko nakisifu, loji nina maneno nayo

Kama mtoto wako amevunjika mguu na likizo mmekwisha kuilipia, ushauri wangu ni huu: subirini picha ya pili ya eksirei. Ikitoka nzuri na daktari akaridhika, nendeni. Sisi tulikwenda visiwa vya Ssese, katika Ziwa Victoria upande wa Uganda, na kitinda mimba wangu wa miaka saba, mguu umefungwa plasta kuanzia vidoleni hadi juu ya goti. Naandika haya kwa sababu wakati nahangaika kuamua sikupata mzazi wa kunieleza mambo niliyotaka kuyajua: ngazi ziko wapi, choo ni cha namna gani, na usiku mtoto akizidiwa mnatokaje kisiwani. Niliowauliza walinitumia picha za ufukwe.

Kivuko cha MV Kalangala nakipa nyota tano. Loji tuliyolala naipa tatu, tena mbili kati ya hizo ni za dada wa jikoni. Jina la loji sitaliandika. Mwenyewe alikaa chini akasikiliza malalamiko yetu yote, na nia yangu si kumharibia mtu riziki. Yaliyotukuta pale yanaweza kumkuta mgeni popote kwenye mteremko ule wa Lutoboka, bandari ya kisiwa cha Bugala kivuko kinapotia nanga, kwa hiyo yasome kama maswali ya kuuliza kabla hujatuma pesa.

Mtoto alianguka kutoka kwenye ukuta wa jirani akifuata mpira. Muundi ulivunjika, lakini mfupa haukutoka nje wala haukuhama sana, kwa hiyo hakupasuliwa. Alifungwa plasta, goti limekunjwa kidogo, tukarudi naye nyumbani Kibuli, Kampala. Safari ilikuwa ya likizo ya Agosti, baada ya muhula wa pili. Nusu ya malipo nilishaituma kwa simu kama arubuni, na loji ilikuwa imesema wazi kwamba arubuni hairudishwi ila tarehe inaweza kusogezwa.

Nyumbani tuligawanyika. Mama mkwe, ambaye watoto wanamwita Jajja, alisema mtoto mgonjwa hapelekwi majini, na kwa heshima yake sikubishana naye siku ile. Baba watoto alitaka tuahirishe mpaka Desemba. Kifungua mimba wangu, binti wa miaka kumi na mbili, hakusema neno, na kimya chake ndicho kilichoniumiza. Alikuwa ameingoja safari hii tangu mwanzo wa mwaka, na tangu siku ya ajali yeye ndiye aliyekuwa akimbebea mdogo wake maji, akimsogezea mto chini ya mguu, akikaa naye ndani wenzake wakicheza nje. Mtoto akiumia, nyumba nzima humgeukia yeye. Ni haki yake, lakini yule mwingine naye ni mtoto.

Daktari aliyetuhudumia hakutukatalia wala hakuturuhusu papo hapo. Alisema wiki ya kwanza hatutoki mjini, kwa sababu mbili. Kwanza, mguu bado unavimba, na plasta haitanuki. Uvimbe ukizidi ndani ya plasta damu inaweza kukosa njia, na hilo ni jambo la saa, si la siku. Akatufundisha kuvitazama vidole vya mguu asubuhi, mchana na usiku: viwe na joto, viwe na rangi yake, mtoto aweze kuvichezesha na asikie ukivigusa. Ukibonyeza ukucha ukawa mweupe, rangi irudi haraka. Vidole vikiwa baridi, vikipauka au kugeuka buluu, vikifa ganzi, au mtoto akilia kwa maumivu yanayozidi hata baada ya dawa, usingoje kupambazuke, nenda hospitali saa ileile. Pili, uvimbe ukishapungua plasta hulegea, na mfupa unaweza kuhama humo ndani bila mtu kuona kwa nje. Ndiyo maana wanapiga picha tena baada ya wiki hivi. Wakiona umehama wanaunyoosha mapema kabla haujaanza kuunga vibaya.

Sasa chukua maneno hayo uyaweke kwenye ratiba ya kivuko. MV Kalangala hutoka Nakiwogo, Entebbe, saa nane mchana na kutia nanga Lutoboka mnamo saa kumi na moja na nusu jioni. Hulala hukohuko, na kesho yake saa mbili asubuhi hurudi Entebbe. Maana yake ni kwamba kikishaondoka asubuhi, hakirudi tena Entebbe mpaka kesho yake. Kalangala mjini kuna kituo cha afya cha daraja la nne, yaani ngazi moja chini ya hospitali, na njia ya pili ya kutoka kisiwani ipo, ile ya kivuko cha Luku kwenda Bukakata upande wa Masaka. Lakini usiku wa manane mtoto ana vidole baridi, njia hiyo ni ndefu. Nilipomweleza daktari ratiba hii alitikisa kichwa akasema ndiyo hasa sababu ya kungoja. Loji ilikubali kutusogezea tarehe mbele bila kutuongezea pesa, na hapo nawashukuru. Picha ya pili ilionyesha mfupa umekaa pale ulipowekwa. Jajja mwenyewe ndiye aliyesema, "Haya, mchukueni, lakini asiguse maji."

Kuhusu njia: ukiwa na mtoto mwenye plasta ndefu, chagua Nakiwogo. Njia ya Masaka ina sifa zake, kivuko cha Bukakata ni bure na unavuka na gari lako, lakini kutoka Kampala hadi Masaka pekee ni zaidi ya kilomita 120, halafu uteremke Bukakata, uvuke, kisha uvuke tena kisiwa cha Bugala chenyewe kwa barabara kutoka Luku. Mtoto ambaye hawezi kukunja goti anakaa upande upande kwenye kiti cha nyuma, mguu juu ya mito, na kila tuta la barabarani analisikia. Kibuli hadi Nakiwogo kwa ile barabara ya kulipia ya Entebbe ilikuwa safari fupi, akafika hajalalamika. Faida nyingine ni kwamba hospitali ya CoRSU, inayoshughulika na mifupa na ulemavu wa watoto, iko Kisubi, njia hiyohiyo ya Entebbe. Ni vizuri kujua iko wapi hata kama hutaihitaji.

Boti za watu binafsi sikutaka hata kuzisikia. Novemba 2018 boti ya starehe ya MV Templar ilizama upande wa Mukono na watu zaidi ya 30 wakafa, na sisi tunaoishi Kampala hatujasahau. Mtoto mwenye plasta akitumbukia majini, mguu ule ni mzigo unaomvuta chini. Katika kivuko nilimvalisha jaketi la kuokoa maisha tangu tulipoketi mpaka tuliposhuka. Wakati wa kulivaa hakikisha kamba ya kupita kati ya miguu haikwami kwenye ukingo wa plasta. Ya kwetu ilikwama, tukaifunga upya.

Nije kwenye sifa zenyewe za kivuko. Tulifika Nakiwogo mapema, kabla ya adhuhuri, na nakuomba ufanye hivyo, maana viti hujaa na watu wa visiwani wana mizigo: mikungu ya ndizi, magodoro, makreti ya soda, kuku. Nilikuwa naiogopa ngazi. Mtoto wa miaka saba hawezi magongo kwa uhakika, na kumbeba mikononi na ile plasta nzito nilijua hatufiki juu salama. Mfanyakazi mmoja wa kivuko alimtazama, hakuuliza mengi, akaenda akarudi na kiti cha plastiki, vile viti vyeupe vya harusini. "Nyabo (mama), mweke hapa." Tukamkalisha, kanga yangu tukamzungushia kifuani na mgongoni mwa kiti kumshikilia. Mfanyakazi yule akashika miguu ya mbele ya kiti, mwenzake akashika ya nyuma, na binti yangu akatembea pembeni ameishika plasta kwa mikono miwili isigonge chuma. Watu wote waliokuwa kwenye foleni wakasimama kuwapisha. Mzee mmoja aliyebeba gunia akasema, "Omwami (bwana mkubwa) apite," na kijana wangu akainua mkono kama kiongozi anayesalimia wananchi. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu aanguke.

Huko juu walitupa nafasi ya mwisho wa safu, pasipo na mtu wa kumkanyaga, na mguu ukanyooshwa juu ya begi la nguo. Hili ndilo jambo ambalo gari haliwezi kukupa. Kwa muda wa saa tatu na nusu mtoto aliunyoosha mguu, akalala, akaamka, akala chapati na mayai, akahesabu visiwa dirishani mpaka akachoka. Visiwa vya Ssese ni 84, kwa hiyo kazi alikuwa nayo. Mawimbi ya Agosti si madogo kila siku, lakini siku yetu ziwa lilitulia. Kama mtoto wako hutapika safarini, zungumza na daktari kuhusu dawa kabla, hasa kama bado anakunywa dawa ya maumivu. Kushuka Lutoboka ilikuwa kwa kiti kilekile. Nilitaka kuwapa kitu wale vijana, wakapokea soda tu.

Loji sasa. Kabla ya kulipa nilipiga simu nikauliza waziwazi: "Kuna ngazi kutoka mapokezi hadi chumbani?" Nikajibiwa hakuna, ni njia ya kawaida. Tulipofika tukakuta vidato vilivyochongwa kwenye udongo wa mteremko, vimewekewa magogo, havina hata kamba ya kushikilia, na mvua ilikuwa imenyesha. Baba watoto alisimama juu na mtoto mikononi akakataa kushuka, na mimi nilimuunga mkono. Mwenyewe wa loji alieleza kwamba vyumba vyake vya zamani vilikuwa tambarare karibu na maji, ila mwaka 2020 ziwa lilipofurika lilivimeza, akalazimika kujenga vipya kwenye mteremko. Namwelewa. Hasara ile iliwapata watu wengi wa fukwe za Victoria. Lakini anayepokea simu anapaswa kusema ngazi zipo. Mzazi anayeuliza ngazi hafanyi udadisi, ana sababu yake.

Baada ya mazungumzo marefu tulihamishiwa chumba kidogo karibu na ukumbi wa kulia, sakafu moja, hatua chache hadi mezani. Hakikuwa na mandhari, na jenereta ilinguruma jirani mpaka saa nne usiku. Hata hivyo kilitufaa kuliko kile cha bei kubwa. Choo kilikuwa cha kukaa, na hilo nalo ni swali la kuuliza mapema, kwa sababu mtoto mwenye plasta juu ya goti hawezi kuchuchumaa kabisa. Kigoda cha kuwekea mguu mbele ya choo tulikiomba jikoni. Chandarua kilikuwa na matundu mawili. Niliyashona mwenyewe kwa uzi na sindano ninayosafiri nayo, maana malaria ni jambo jingine kabisa na sikutaka lituongezee.

Kuoga tulifanya kwa beseni na kitambaa, mguu nje, umefungwa kavera mbili (mifuko ya plastiki) na mpira wa kubana juu. Plasta ya jasi ikilowa hulainika na haishiki mfupa tena. Zile za faibaglasi ni nyepesi na ngumu zaidi, lakini pamba ya ndani ikilowa nayo huleta vidonda, kwa hiyo usidanganyike. Mchanga ni adui mkubwa kuliko maji, maana unaingia kimyakimya pale vidoleni, unasugua ngozi, na mtoto anaanza kutafuta kijiti cha kujikunia. Kijiti kikichubua ngozi humo ndani hukioni kidonda mpaka kinuke. Tulikata soksi kuukuu ya baba yake tukamvika juu ya vidole, na kila alipotaka kwenda ufukweni alikwenda juu ya kiti. Kiti cha plastiki tena. Kiti cha magurudumu kingezama mchangani siku hiyohiyo.

Ziwani hakuingia mtu, hata binti yangu mwenye miguu mizima. Pwani za Victoria zina kichocho, konokono wake hukaa kwenye maji ya ukingoni yenye majani, na Ssese haijasalimika. Wageni wengine walioga wakafurahi, sikuwasemesha. Ila hili lilitusaidia kwa namna nisiyoitarajia: kwa kuwa sheria ilikuwa moja kwa wote wawili, mdogo hakuona ametengwa.

Nilikuwa nahofia atachoka kukaa. Hapo ndipo anapoingia dada wa jikoni, ninayempa zile nyota mbili. Siku ya pili asubuhi, binti na baba yake wamekwenda kutazama mashamba ya michikichi, mtoto alibaki amenuna barazani. Dada yule alitoka, akamtazama, akamwambia, "Wewe mwanaume, njoo unisaidie kazi." Akambeba na kiti chake hadi mlango wa jikoni, akamwekea ungo wa karanga mapajani, mguu juu ya debe lililogeuzwa. Kazi ilikuwa kumenya karanga za mchuzi wa binyebwa. Alimwonyesha namna ya kubana ganda kwa kidole gumba mpaka lipasuke, punje mbili zidondoke nzima, na namna ya kupepeta maganda yaruke bila karanga kuruka. Tumbili walikuja kuketi ukutani wakitazama ungo, na mtoto akapewa fimbo ndefu na cheo cha askari wa kulinda karanga. Mpaka adhuhuri hakuniita hata mara moja. Mchana matoke na binyebwa vilipoletwa mezani aliwatangazia wageni wote kwamba ni yeye aliyezimenya, na wageni, Mungu awabariki, wakampigia makofi.

Samaki wao ni sato mzima wa kukaanga, mbichi wa siku hiyo, na husubiriwa kwa muda wa karibu saa mbili tangu uagize. Ukiwa na watoto, agiza chakula cha mchana wakati wa chai.

Jioni wanawasha moto ufukweni na watu hukaa kuuzunguka. Hii ni sehemu nyingine ambayo mguu uliovunjika haukumzuia kitu. Tulimweka mbali kidogo na cheche, mguu juu, dada yake kando yake, wakasimuliana hadithi za sungura na fisi mpaka wote wawili wakasinzia. Usiku nilivitazama vidole kwa tochi kama nilivyofundishwa. Vilikuwa na joto.

Tuliporudi mjini picha iliyofuata ilikuwa nzuri, na daktari akaanza kuzungumza juu ya plasta fupi ya chini ya goti.

Kwa bei yake, loji ile inawafaa watu wenye miguu yao. Mwenye mtoto kama wangu, au mzazi mzee, asikubali neno "njia ya kawaida". Aombe atumiwe video ya mtu akitembea kutoka mapokezi hadi kitandani, na aombe chumba kilicho karibu na ukumbi wa kulia hata kama ni cha bei ndogo. Na mtoto ambaye bado yuko wiki ya kwanza, au ambaye amefanyiwa upasuaji na kidonda kiko wazi, au ambaye maumivu yake hayajatulia kwa dawa, mwacheni abaki karibu na hospitali. Entebbe kuna bustani ya wanyama ya kumpeleka kwa saa chache na kumrudisha kulala kwake.

Mwenyewe wa loji amenitumia ujumbe wa sauti juzi, anasema ameweka kamba pembeni ya vile vidato na amewaambia wanaopokea simu waseme ukweli kuhusu mteremko. Nimemjibu kwamba nimefurahi, lakini kwa mtoto wa kubebwa kamba haitoshi, anahitaji angalau vyumba viwili vya sakafu moja na mapokezi. Akivijenga nitakuja na Jajja, ambaye magoti yake ndiyo yatakayokuwa mtihani halisi, na nyota nitaziongeza hapahapa.